Ngozi Yako Si Chafu

Ndugu msomaji unayejifunza Kiswahili, leo nina ugomvi na kitenzi kimoja. Kitenzi hicho ni kusafisha. Utakikuta katika matangazo ya saluni na juu ya makopo ya krimu, nacho husemwa kwa sauti ya upole: tunasafisha uso, tunasafisha madoa, ngozi yako itakuwa safi. Jiulize, kinachosafishwa ni nini? Ni uchafu. Lakini uso uliougua chunusi hauna uchafu. Una alama za ugonjwa uliopita, au wa ugonjwa ambao bado haujapona. Anayekubali kwamba uso wake ni mchafu amekwisha kukubali nusu ya biashara kabla hajauliza bei.

Kiswahili kinatupa maneno matatu yanayotosha kumzuia mchuuzi mlangoni. La kwanza ni chunusi. Huu ni ugonjwa: vitundu vya vinyweleo huziba kwa mafuta na seli zilizokufa, bakteria hustawi humo, na ngozi huvimba. La pili ni doa. Hii ni rangi iliyobaki baada ya uvimbe kutulia. Ukipitisha kidole juu yake, ngozi ni sawasawa, haina shimo wala kinundu. La tatu ni kovu. Hapa umbo lenyewe la ngozi limebadilika: ama pamebonyea, ama pameinuka. Doa hufifia, kovu hubaki. Mtu anayekuuzia kopo moja kwa ajili ya yote matatu, ama hajui kazi yake, ama anatumaini kwamba wewe hujui lugha.

Tofauti hii ndiyo msingi wa kuchagua tiba. Madoa mengi ya chunusi hufifia yenyewe, ingawa huchukua miezi, na pengine zaidi ya mwaka. Ngozi nyeusi hutoa rangi kwa wingi inapoumia, ndiyo maana madoa yetu hukolea, na jua huyakoleza zaidi. Basi tiba yake huanza na mambo yasiyo na fahari: kuacha kuminya chunusi, kujikinga na jua, na kuvumilia. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kupaka, kama vile asidi ya azelaiki, ambayo hutibu chunusi na kupunguza madoa. Kovu lililobonyea ni jambo jingine kabisa. Hakuna krimu inayofukia shimo. Hapo mtaalamu hutumia sindano ndogondogo, leza, au hukata nyuzi zinazoivuta ngozi kwenda chini, naye akiwa mkweli atakuahidi nafuu wala hatakuahidi uso mpya. Kovu lililovimba huhitaji kwa kawaida sindano za dawa ya steroidi ndani ya kovu lenyewe. Kulikata au kulichoma ovyo kunaweza kulirudisha likiwa kubwa kuliko mwanzo. Na kabla ya haya yote, chunusi yenyewe lazima idhibitiwe, kwa maana kutibu alama huku ugonjwa ukiendelea ni kuteka maji kwa pakacha.

Sasa tazama kopo la kusafisha lina nini. Mara nyingi lina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na mara nyingi lebo haisemi. Steroidi hutuliza uvimbe kwa siku chache, mnunuzi akafurahi. Kisha ngozi hukonda, mishipa hujitokeza, na chunusi mpya huzuka kwa sababu ya dawa ile ile. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuacha weusi wa kibuluu ambao ni mgumu sana kuondoa. Zebaki hudhuru figo, tena haibaki usoni mwa aliyeipaka: huhamia kwenye taulo na mito, ikamfikia hata mtoto mchanga wa nyumba hiyo. Mtu alikwenda kutafuta dawa ya doa, akarudi na sumu ya familia.

Haya si siri kwa serikali zetu. Uganda, Kenya, Rwanda na Tanzania zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, unaobeba jina la mji wa Japani ulioathiriwa vibaya na zebaki, ulipitishwa mwaka 2013. Uliagiza kwamba kufikia mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni visitengenezwe, visiagizwe wala visisafirishwe. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kiwango hicho, ili kufikia mwaka 2025 kusiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Sheria ipo. Kopo nalo lipo dukani. Kati ya hayo mawili ndipo raia anapopaswa kusimama na kuuliza maswali.

Kiswahili kimekwisha kutoa hukumu yake. Anayejipaka dawa hizi ili awe mweupe, tunasema anajichubua. Kuchubua ni kuondoa ngozi ya juu, kama anavyochubuka goti mtoto aliyeanguka. Kitenzi hiki kinasema kweli, na ndiyo sababu hukioni katika tangazo lolote. Ni kweli pia kwamba daktari wa ngozi huweza kuchubua tabaka la juu kwa asidi nyepesi ili madoa yafifie upesi. Tofauti ni kwamba yeye anajua ni asidi gani, ya nguvu gani, kwa dakika ngapi, na ngozi ya nani iko mbele yake.

Najua utanijibu kwamba madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na ni ghali. Wachache, naam, ndiyo maana chuo cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kuhusu gharama, piga hesabu ya makopo uliyonunua mwaka huu, kisha uongeze gharama ya kutibu madhara yake. Utanijibu pia kwamba uso ni wako, nawe una uhuru. Uhuru huo naukubali kabisa. Lakini asiyeambiwa kilichomo ndani ya kopo hajachagua, amechaguliwa.

Basi uendapo kutafuta tiba, chukua maswali haya, nawe uyaulize kwa adabu na bila haya. Samahani, daktari, jina lako limo katika rejista ya baraza la madaktari? Koti jeupe si leseni, na kila nchi yetu ina baraza linalotunza rejista hiyo. Je, nilicho nacho ni chunusi, doa au kovu? Dawa hii inaitwaje, na ina nguvu kiasi gani? Swali hili ni zito kwa mwanamke anayetarajia kupata mtoto, kwa kuwa baadhi ya dawa za chunusi, kama isotretinoini, humdhuru mtoto aliye tumboni. Umewatibu watu wangapi wenye ngozi kama yangu? Leza isiyopimwa vizuri huunguza ngozi nyeusi na kuacha madoa mabaya kuliko yale ya kwanza. Hata mizani ya Fitzpatrick, ambayo wataalamu huitumia kupanga aina za ngozi, ilianza mwaka 1975 kwa ngozi nyeupe, na ngozi za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye. Mwisho, uliza: ikiharibika, nitarudi kwa nani?

Mtaalamu wa kweli hatachukizwa na maswali hayo. Atakayekasirika, mshukuru, kisha utoke. Nawe ukikuta kopo lisilo na lebo, au lenye kemikali iliyokatazwa, usiishie kulirudisha rafuni ili alinunue mwenzako. Lipeleke au liripoti kwa shirika la viwango au mamlaka ya dawa ya nchi yako, nawe udai kujua hatua iliyochukuliwa. Ukiandika barua hiyo kwa Kiswahili, andika chunusi, andika doa, andika kovu. Neno kusafisha liachie sakafu.