Likizo ya Pwani Pamoja na Mbwa

Desemba ikikaribia, sisi tunaokaa Dodoma huanza kuiota bahari. Mipango yote hufanywa, kisha mizigo ikiwa imeshafungwa ndipo swali la mbwa hutokea: abaki na nani, au twende naye?

Huko Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, ziko nyumba ndogo za kupanga kando ya bahari zinazopokea familia pamoja na mbwa wao, kwa masharti: asipande kitandani, asiachwe peke yake ndani. Lakini wenzetu walikwisha kukomesha kichaa cha mbwa kati ya mbwa wao tangu mwaka 1922. Kwetu bado kipo, mjini na vijijini. Kwa hiyo mama wa Tanzania haanzi na habari ya kitanda, huanza na sindano.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpelekeni mwezi mzima kabla ya safari, maana kinga haiji siku ileile. Cheti kiwekeni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mwulizeni daktari wa mifugo kama mtahitaji kibali cha kumsafirisha, tena mwombeni dawa ya minyoo. Hiyo msiidharau. Kinyesi cha mbwa kikiachwa mchangani, minyoo michanga huingia katika nyayo za watoto wanaocheza peku, ikachora mstari mwekundu unaowasha usiku kucha.

Tulipopanga nyumba Bagamoyo Desemba 2023, tulimweleza mwenye nyumba habari za mbwa kwa simu kabla ya kulipa chochote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anafungwa?" Tukakubaliana alale kibandani nyuma ya nyumba. Majirani walikuwa Waislamu, na hapa sisi watu wa bara yafaa tuelewe: kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Bibi wa jirani alituambia kwa upole, "Wanangu, mbwa wenu mzuri, ila mkeka wangu ni wa kuswalia." Tukamfunga kamba muda wote. Jioni bibi akatuletea sahani ya mihogo ya nazi, ambayo mbwa aliitazama kwa imani kubwa kuliko yetu.

Njia ni ndefu: Morogoro, Chalinze, Msata, ndipo Bagamoyo. Mbwa hatoi jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Mkimfungia garini juani wakati mnakula, anaweza kufa kabla hamjalipa chakula. Mpeni maji kila mnaposimama. Ufukweni chukueni maji baridi ya kunywa, kwani ya bahari humtapisha na kumharisha.

Hofu yetu kubwa, hata hivyo, haikuwa mbwa wetu bali mbwa wa watu. Mgeni akipita, wa mtaani humfuata, na mtoto akijaribu kuwaachanisha huumwa yeye. Akiumwa, akikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, osheni papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata akilia. Msipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Sindano ni kadhaa, kila moja kwa tarehe yake, na mama mjamzito naye huchomwa. Likizo ikiisha kabla ya sindano, njooni na kadi mmalizie huku nyumbani. Kichaa hiki huweza kukaa mwilini wiki nyingi au miezi bila dalili, na dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Sisi wa wodini hatuna la kumpa mama huyo ila kukaa naye.

Asiye na kamba wala banda la uhakika huko aendako, amwache mbwa nyumbani kwa mtu anayezoeana naye, wala asimfungulie mtaani ajitafutie. Mtu huyo aachiwe pesa ya unga na dagaa, cheti cha chanjo, na namba ya simu ya daktari wa mifugo.