Wa kujitolea Kasulu wapewe mkataba

Kila linapotolewa pendekezo kwamba halmashauri mbili za Kasulu, ya Mji na ya Wilaya, zikae na mashirika ili wahudumu wa kujitolea wasimamiwe kwa utaratibu mmoja, hoja zilezile huibuka. Utaratibu wenyewe si mgumu: rejesta moja, mafunzo yanayotambulika, mkataba wa maandishi na posho inayojulikana. Hoja za kuupinga zinastahili majibu.

"Ukimlipa, hajitolei tena." Hii ndiyo husemwa zaidi, na ndiyo inayowaumiza watu zaidi. Mhudumu anayepita kaya kwa kaya Makere au Heru Juu na utepe wa kupimia lishe ya watoto anafanya kazi inayotaka ujuzi. Utepe huzungushwa katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, usibane wala usilegee. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye utepe unasoma chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, anatakiwa kufikishwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Utepe ukilegea kidogo tu, mtoto anaachwa nyumbani na mama yake anaambiwa hali ni nzuri. Kazi ya namna hiyo hatuwezi kuiachia moyo peke yake. Tena mhudumu huyo ni mkulima, na siku anayotembea vitongojini maharage yake hayapaliliwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na kazi wanayofanya na wawe na makubaliano ya maandishi. Mtu ameamua mwenyewe kuitumikia jamii yake. Uamuzi huo haumwondolei haki ya nauli, viatu vya mvua na kujua nani atamtibu akiumia njiani.

"Serikali ikiingia, mashirika yatapoteza uhuru." Uhuru wa nani? Mama mmoja anayejitolea kitongojini anaweza kuwa na wasimamizi watatu: wa lishe, wa malaria na wa usafi. Kila mmoja ana fomu yake, na kila mmoja anamtaka Jumanne. Zahanati inayopokea wagonjwa anaowatuma haioni hata fomu moja kati ya hizo. Tangu kanuni za 2018, shirika lisilo la kiserikali linatakiwa kuwasilisha serikalini mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20. Ikiwa fedha zinafuatiliwa hivyo, sioni kwa nini watu wanaobeba kazi yenyewe wasijulikane hata kwa majina. Zanzibar wameonyesha inawezekana: katika mpango wa Jamii ni Afya, Wizara ya Afya na shirika la D-tree wanawaongoza wahudumu wa kujitolea wanaotumia programu moja ya simu katika wilaya zote. Shirika halikupotea, na Wizara haikuachwa pembeni.

"Halmashauri haina hela." Mapato ya ndani ni madogo, hilo nakubali. Lakini fedha zinatumika tayari, kila mradi ukiandaa semina yake na kumfundisha mtu yuleyule jambo lilelile. Kenya waligawana mzigo: Septemba 2023 walizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, posho yao ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi ikichangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Kwetu, Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wafunzwe miezi sita. Njia imekwisha funguliwa. Kasulu inachotakiwa ni kuwaingiza kwanza waliokwisha fanya kazi miaka mingi bila cheti.

"Mradi ukiisha, wote hutawanyika." Ndivyo, na hii ni sababu ya kuanza, wala si ya kuacha. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walifurika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka, na maelfu wakahamishiwa kambi ya Nyarugusu. Siku kama zile panahitajika haraka watu wa kugonga milango na kueleza habari ya maji salama. Majina yakiwa halmashauri, simu zinapigwa asubuhi hiyohiyo. Yakiwa kwenye kompyuta ya mradi uliofungwa, mnaanza kutafuta watu upya. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi miradi inavyoweza kukatika kwa tangazo moja.

Wapo pia wanaosema wakimbizi wasitajwe katika jambo hili. Nyarugusu ipo tangu 1996, na wakimbizi humo hufanya kazi za afya na ualimu kwa posho ya mwezi. Ujuzi huo uandikwe na uthibitishwe, ili anayerejea Burundi au Kongo aondoke na karatasi inayosema anajua nini.

Madiwani wa Kasulu hupitisha bajeti mwanzoni mwa kila mwaka. Safari hii waweke kifungu cha wahudumu wa kujitolea, na kila shirika linaloomba kufanya kazi wilayani lilete orodha ya wahudumu wake na mchango wake wa posho kabla ya kupewa kijiji hata kimoja.