Nilisema Msaidizi wa Mbali ni Rahisi. Narudisha Neno Langu

Kwenye kipindi chetu cha biashara ndogo ndogo kuna sentensi moja niliitamka, na tangu siku ile inaniwasha. Tulikuwa tunacheka, chai iko mezani, nikaulizwa nawezaje kuendesha duka la mtandaoni na huku nina kazi ya mchana. Nikajibu bila kufikiri: "Nina msaidizi Mombasa, rahisi sana." Kabla ya siku mbili kwisha wasikilizaji kumi na mmoja walikuwa wameniandikia, karibu wote na swali lile lile. Unamlipa ngapi, na unaweza kunitafutia wangu?

Leo najibu. Kwanza, lile neno "rahisi" nalirudisha. Wazee wetu wakilitumia huwa lina maana mbili: kitu kisicho ghali, na kitu kisicho kigumu. Mimi nilikosea kwa zote mbili.

Kwa ambao hamnijui, nimezaliwa Leicester, wazazi wangu ni wa Mombasa. Nauza leso na madera. Leso zinatoka Biashara Street, binamu yangu anazinunua na kunitumia. Oda ni kama thelathini kwa wiki, na karibu na Idi zinapanda. Kufunga vifurushi hakunichoshi, nafunga huku nasikiliza podikasti. Kinachokula saa zangu ni maneno: nani anauliza saizi, nani hajapata mzigo wake, nani anataka kujua leso imeandikwa nini. Mwisho wa mwaka 2024 nilikuwa najibu jumbe saa sita za usiku, na asubuhi nasinzia kwenye basi nikienda kazini.

Nikaanza kuulizia bei. Dada mmoja wa hapa hapa Uingereza, anayefanya kazi hiyo kwa kujitegemea, alinitajia pauni 28 kwa saa. Mimi nilihitaji saa 20 kwa wiki, yaani zaidi ya pauni 2,400 kwa mwezi. Faida yangu haikufika hata nusu ya hapo. Nikawaza kuajiri mtu kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho wakati ule kilikuwa pauni 11.44 kwa saa na Aprili 2025 kikawa 12.21 kwa aliyefika miaka 21. Hapo tena ni karibu pauni 1,000 kwa mwezi, na bado hujahesabu likizo ya malipo na mambo mengine.

Ndipo mamangu akasema lile neno ambalo nadhani mama zetu wote wamelisema: "Kwani nyumbani hakuna watoto waliosoma?"

Alikuwepo binti wa rafiki yake. Ana diploma ya biashara, kompyuta anaijua, anakaa na mamake Mji wa Kale. Sitamtaja jina, nitamwita dada kama ninavyomwita kila siku. Mamangu na mamake walimaliza mambo yote kwenye simu kabla mimi sijafungua mdomo: shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi, saa nne kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. "Atashukuru sana," mamangu akaniambia. Nami nikashukuru pia, maana kwa bei ya shilingi niliyokuwa nikipata, hizo ni kama pauni 88.

Pauni 88 kwa saa 87 hivi. Pauni moja kwa saa. Sikuipiga hesabu hiyo wakati ule, na naomba mniamini nikisema sikuipiga kwa sababu sikutaka kuiona.

Wiki ya kwanza tu alinionyesha alichonacho. Mteja wa Birmingham alichagua doti moja nzuri, nyekundu na nyeusi, akasema ni zawadi ya mama mkwe wake. Mimi nilikuwa tayari kuifunga. Dada akaniuliza taratibu: "Huyu mteja analijua jina la leso hii?" Nikalisoma lile jina mara tatu. Maneno yote niliyajua moja moja, lakini fumbo lake sikulielewa. Kumbe ilikuwa leso ya kumrushia maneno mke mwenza. Fikiria mkwe anaifungua mbele ya shangazi zake! Akamwandikia mteja, akamshauri nyingine, mteja akachukua mbili. Kazi hiyo hata yule wa pauni 28 asingeiweza, na mimi mwenyewe mwenye duka sikuiweza.

Sasa tuje kwenye kosa langu.

Kabla ya kuanza, dada aliniandikia: "Mimi nitakuwa kazini saa mbili hadi saa sita." Nyinyi mliozaliwa huku mshaona mkasa unakokwenda. Saa za Kiswahili nazielewa vizuri mtu akizisema nyumbani. Lakini nikisoma kwenye simu, kichwa changu kinasoma Kiingereza. Nikaona 2 hadi 6, mchana wa Leicester, nikasema sawa. Yeye alimaanisha saa mbili ya asubuhi Mombasa hadi saa sita ya mchana. Ilikuwa Januari 2025, na wakati wa baridi wao wametutangulia saa tatu. Kwa hivyo akianza kazi huku ni saa kumi na moja alfajiri, akimaliza ni saa tatu asubuhi. Mimi nimelala, au niko kwenye basi.

Siku ya pili, saa tisa ya mchana wa huku, wateja watatu wanasubiri majibu na kuko kimya. Nikamtumia ujumbe: "Mbona hupo kazini?" Hata salamu sikuweka. Dakika moja haikupita, akajibu: "Samahani dada, niko." Na tangu siku ile, mchana wote alikuwepo. Nikajipongeza moyoni, nikaona nimeonyesha msimamo.

Wiki sita baadaye, siku za mwanzo za Ramadhani, akanitumia ujumbe wa sauti kuhusu mzigo uliopotea. Huku ilikuwa saa kumi kasoro mchana. Nyuma ya sauti yake nikasikia adhana ya magharibi, sahani zinagongana, na mwanamke mtu mzima anaita: "Njoo ufuturu basi! Kazi gani hii, toka asubuhi!"

Toka asubuhi? Nikampigia.

Alisita, kisha akanieleza kwa upole uliozidi kuniumiza. Kila siku alikuwa akifanya saa zake nne za asubuhi kama tulivyokubaliana: jumbe za usiku, orodha ya stoki, kufuatilia posta. Halafu, tangu ujumbe wangu ule, alikuwa akikaa tena saa kumi na moja ya jioni hadi saa tatu ya usiku. Saa nane kwa siku. Bando la intaneti alinunua kwa pesa yake, kama shilingi 3,000 kwa mwezi, na stima zikipotea alihamia kwa jirani. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema: "Nilidhani ndivyo kazi za Uingereza zilivyo. Na mama aliniambia nisiwavunjie heshima watu waliotufanyia wema."

Usiku ule nilipiga hesabu niliyoikwepa. Saa 40 kwa wiki ni saa 173 kwa mwezi. Pauni 88 gawanya kwa 173: peni 51 kwa saa. Toa bando: peni 41. Mimi niliyewahi kulalamika kwenye kipindi kwamba kazini kwangu hawanilipi dakika kumi za kufunga ofisi.

Kuna wenzangu wawili niliowasimulia wakasema nisijitese, shilingi 15,000 kule ni pesa. Hoja hiyo naijua, nilikuwa naiamini. Ni kweli kodi ya nyumba na samaki wa Mombasa si bei ya Leicester. Lakini kompyuta haiuzwi nusu bei kwa sababu iko Mombasa, wala bando. Na kwa kuwa anajitegemea, hana mwajiri wa kumsaidia kulipa NSSF, na ile bima ya SHA, asilimia 2.75 ya kipato, anailipa mwenyewe. Halafu kazi yenyewe ni ya Leicester, wateja ni wa huku, na wanalipa kwa pauni.

Sisemi tuwalipe pauni 28. Ningefanya hivyo duka lingefungwa mwezi huo huo na dada asingekuwa na kazi. Ninachosema ni kwamba swali "kiasi gani atakubali?" ni swali baya tukiwauliza watu wetu. Watu wetu watakubali. Wamelelewa wasikatae mbele ya mtu mzima au mtu aliyewatendea wema, na sisi tumelelewa hivyo hivyo, tunajua. Ningemchukua mgeni kupitia wakala, ningesaini mkataba, ningetajiwa saa na siku za mapumziko, na nikichelewa kulipa ningedaiwa. Kwa binti wa rafiki wa mama hakukuwa na karatasi hata moja. Heshima yake niliigeuza punguzo la bei.

Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki. Fikiria umekaa sebuleni kwao, kahawa na halua mezani, mamake yuko mbele yako. Unaweza kumtajia kwa sauti unachomlipa binti yake kwa saa, kwa pauni, bila kuangalia chini? Mimi nisingeweza.

Basi hizi ndizo gharama zangu za sasa, kwa wale kumi na mmoja walioniuliza:

Malipo ni shilingi 600 kwa saa, saa 20 kwa wiki. Hiyo ni kama shilingi 52,000 kwa mwezi. Intaneti ya nyumbani nalipa mimi, shilingi 3,000. Jumla 55,000, yaani pauni 323 hivi, na ada ya kutuma pesa ni juu yangu, haikatwi kwenye zake.

Likizo: siku za Idi zote mbili, na siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo, kama sheria ya ajira ya Kenya inavyowapa waajiriwa. Yeye si mwajiriwa kisheria, lakini anachoka kama mwajiriwa.

Mafunzo: wiki sita za mwanzo nilitumia kama saa tano kila wiki kumwonyesha kazi. Saa 30 zangu. Kwa kima cha chini cha sasa hizo ni zaidi ya pauni 360, na hakuna anayezitaja anapokwambia bei.

Usalama: mpe akaunti yake mwenyewe, usimpe nywila yako kuu. Tulikuwa tunakwama alfajiri kwa sababu namba za kuthibitisha zinakuja kwenye simu yangu nami nimelala. Na anwani za wateja wako ni amana. Sheria ya data ya Uingereza inakutaka uwe na makubaliano maalumu ya maandishi unapozifungulia mtu aliye nchi kama Kenya, kwa hivyo soma kwanza.

Saa: andika tarakimu na mji. "08:00 hadi 12:00, saa za Nairobi." Na kumbuka mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba sisi tunasogeza saa, wao hawasogezi. Tofauti ni saa mbili majira ya joto, tatu majira ya baridi.

Mkataba: wetu ni kurasa mbili, Kiswahili na Kiingereza. Kile cha Kiswahili alikirekebisha yeye, kwa sababu changu kilikuwa na makosa.

Pesa zimetoka wapi? Niliongeza kama pauni 2 kwa kila oda, na hizo karibu zote ndizo zinazolipa tofauti. Wateja wawili walilalamika, mmoja akaondoka.

Na zile saa za wiki sita, saa 120, nilimlipa kwa bei mpya: shilingi 72,000, mara tatu. Mwanzo alikataa. Mamake akakataa. Mamangu ndiye aliyekasirika zaidi, aliona kama nasema yeye alikuwa dalali mbaya. "Unanitia aibu kwa watu," aliniambia. Ikanibidi nimwonyeshe zile peni 41 kwenye karatasi. Aliitazama muda mrefu, akaikunja, akaniuliza kama nimeshatuma ile sehemu ya kwanza.

Kwa hivyo hapana, sitakutafutia wako kabla hujaniambia umepanga kulipa ngapi. Na kama tayari unaye mtu nyumbani anayekufanyia kazi, binamu, shemeji, mtoto wa jirani, mpigie leo. Muulize anaanza saa ngapi na anamaliza saa ngapi, kisha uhakikishe mnasema saa ile ile. Mkimaliza, tuandikieni mlichosikia. Kipindi kijacho nataka tusome majibu yenu, na dada amekubali kuwa mgeni wetu. Atalipwa kwa saa hiyo pia.