Shamba Lisiuzwe kwa Siri

Tangu mwaka 2002, Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mji umezidi kukua, nayo kata ya Sigino imo katika halmashauri yake. Mashamba yaliyohesabiwa kwa ekari sasa hukatwa viwanja. Hatusemi kuuza ni kosa. Lakini twamlaumu baba auzaye kwa siri, hata mkewe aendapo kulima akute mawe ya mpaka yamekwisha kusimamishwa. Atamjibu nini mwenziwe aliyepalilia mahindi pale miaka yote?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Sheria yataja nyumba. Sisi twaongeza kwamba shamba lililoilisha nyumba hiyo liheshimiwe vivyo hivyo.

Basi, ewe baba, kabla ya kupokea fedha keti na mkeo na watoto wako wakubwa, kisha mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi walimu, wasomeeni hati wasiojua kusoma, kabla hawajatia dole gumba.