"Si" Isiyosikika: Hoja Juu ya Kanuni za Darasa la Kwanza

Mwezi Januari, huku Rungwe ninakoishi tangu nilipostaafu, niliketi kwenye dawati la nyuma katika darasa la kwanza la shule moja ya msingi. Mwalimu mkuu alikuwa ameniomba nitazame jinsi watoto wanavyofundishwa kusoma. Watoto walikuwa 97, mwalimu mmoja. Kando ya ubao palibandikwa karatasi ya manila yenye kanuni 12 za darasa, zilizoandikwa kwa wino mwekundu na kwa mwandiko wa kuonewa wivu. Nilizisoma zote. Tisa zilianza kwa "Usi-", mbili kwa "Ni marufuku", na ya mwisho ilitamka kwamba mwanafunzi haruhusiwi kutoka darasani bila kuomba ruhusa kwa lugha ya staha.

Kisha nikawatazama waliokusudiwa kuzisoma. Hawakujua kusoma. Ndilo jambo walilokuja kujifunza.

Basi karatasi ile ni ya nani? Ni ya mthibiti ubora wa shule, atakayeingia siku moja, aione, aweke alama kwenye fomu yake. Simcheki mwalimu yule kijana. Mimi mwenyewe, nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, niliandika karatasi kama hiyo, na mkufunzi wangu akanisifu. Niliendelea kuziandika kwa miaka mingi katika shule za sekondari, ambako angalau waliweza kuzisoma na kuzidharau kwa kujua wanachokidharau.

Lakini hapa tu wapenzi wa lugha, na hoja yangu ni ya lugha. Nasema kwamba "Usi-" ni umbo baya la kumlelea mtoto wa miaka sita, na ubaya wake unaanzia kwenye sauti. Tamka "usikimbie." Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani ndani ya mzizi wa kitenzi. Ile "si" inayobeba katazo lote haina mkazo. Inapita upesi kama mtu anayechungulia mlango na kuondoka. Sasa itamke kwa sauti ya juu mbele ya watoto 97 wanaosukumana. Kinachomfikia aliye nyuma ni "…kimbie". Na hata akiisikia "si", amepewa picha ya kukimbia na kuambiwa aifute. Hakuambiwa afanye nini badala yake. "Tutembee" ni neno fupi zaidi, lina picha moja tu, na mwalimu mwenyewe yumo ndani yake.

Tena lugha yetu imetupa kiambishi ambacho sijui kwa nini walimu hawakitumii: "hu-". Hiki hakina nafsi wala wakati. Mimi huamka, wewe huamka, jua huchwa. Methali hukipenda: chanda chema huvikwa pete. Hakiamrishi mtu; kinaeleza mambo yalivyo hapa kwetu. "Madaftari hupita kutoka nyuma kwenda mbele." "Anayetaka kusema hunyoosha mkono." Mtoto aliyelelewa nyumbani anaijua sarufi hii kabla ya kuijua shule, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kunawa kabla ya kula na kubisha hodi kabla ya kuingia. Hakuna mama aliyebandika karatasi jikoni.

Nyinyi washairi mnalijua jambo hili kuliko walimu. Nani kati yenu alijifunza mizani kwa kukaririshwa "usipungukiwe, usizidishe"? Sikio lilianza, kidole kikahesabu, kanuni ikaja baadaye kulipa jina jambo lililokwisha kuzoeleka. Hata Sheikh Kaluta Amri Abedi, alipotoa sheria za utunzi mwaka 1954, alizifunga katika jalada moja na diwani yake: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Aliyetaka sheria alikabidhiwa na mashairi. Walimu tumechukua sheria tukaiacha diwani.

Nitaambiwa, kama nilivyoambiwa mara nyingi, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii imegeuzwa fimbo. Wanaoitumia kutetea ukali hawajapata kumkunja samaki. Samaki mbichi hukunjika kwa vidole viwili. Ndiyo maana tunahimizwa tusingoje akauke. Anayehitaji nguvu amekwisha kuchelewa.

Nirudi kwenye ile kanuni ya 12, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Watoto wengi wa hapa huzungumza Kinyakyusa nyumbani, na Kiswahili chao cha Januari ni kichanga. Walikuwa wamefundishwa kusimama na kusema, "Mwalimu, ninaomba ruhusa ya kwenda maliwatoni." Neno zuri, maliwato. Nimelifundisha mimi katika somo la tasfida, kwa vijana wa kidato cha tatu. Binti mmoja aliyeketi dawati la mbele yangu alisimama akasema, "Nataka chooni." Akaambiwa, "Sema vizuri." Akajaribu, ulimi ukakwama kwenye "maliwatoni", darasa zima likacheka. Siku ya pili nilimwona akitikisa miguu, midomo ikicheza kimyakimya, akiifanyia mazoezi ile sentensi. Hakusimama. Maji yalitiririka chini ya dawati mpaka kwenye viatu vyangu.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka fimbo zisizidi nne, zitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mtoto huyu hakuchapwa hata fimbo moja. Hakuna kitabu kitakachoonyesha alichopewa, na aliyempa ni Kiswahili: Kiswahili fasaha, chenye staha, tunachokipigania mimi nanyi kila tunapokutana.

Nilizungumza na mwalimu yule chini ya mti wakati wa mapumziko. Alikuwa na machozi. Sitaki msomaji amdhanie mtu katili. Tulipunguza kanuni zikawa tatu: kuingia, kupeana madaftari, kutoka. Wiki nzima hatukuzisema kama kanuni, watoto walizifanya. Walitoka nje wakaingia tena, mara nne, mara tano, mpaka ikawa mchezo. Madaftari yaligawiwa na kukusanywa hata pale ambapo hakuna kilichoandikwa. Atakayesema huo ni upotevu wa muda ahesabu mwenyewe: kipindi ni dakika 30, na kabla ya hapo kugawa madaftari kulikuwa kunakula 10. Ukubwa wa darasa, ambao watu huutaja kama sababu ya kutofanya haya, ndio sababu hasa ya kuyafanya. Mwenye watoto 20 anaweza kuishi kwa kukemea. Mwenye 97 atakaukiwa na sauti kabla ya Pasaka.

Kwa kuingia nilimpa mstari mmoja, wa kuimbwa hatua kwa hatua:

Mlangoni twajipanga, tukiingia twakaa.

Si mstari wa kushindania tuzo. Ila una mizani 16, hauna "usi-" hata moja, na watoto waliuzoea siku ile ile. Tungekuwa na mistari kama hiyo mia moja, ya kupanga foleni, ya kunawa, ya kufuta ubao, iwapo malenga wetu wangepunguza kidogo kuandikiana majibizano.

Na kutoka? Fundi seremala alituchongea kibao, kikatundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Mwenye haja hukichukua, huenda, hurudi, hukitundika. Hasemi neno. Najua baadhi yenu mtachukizwa: vipi mwalimu wa Kiswahili anamnyamazisha mtoto badala ya kumfundisha kusema kwa adabu? Adabu ya maneno inafundishwa asubuhi, kwa wimbo na kwa maigizo, "maliwatoni" ikiwemo, na wakati huo kibofu ni kitupu. Mkiwa na njia nzuri zaidi nitaisikiliza. Msiniletee ile ya kwamba sisi tulipitia hivyo hivyo na tukawa watu.

Karatasi nyekundu ingali ukutani. Mwalimu aliniuliza atajibu nini wathibiti wakija wasiione, nami sikuwa na jibu, kwa hiyo tuliiacha. Yule binti nilimwona wiki iliyopita akikinyakua kibao na kutoka mbio, viatu mkononi. Kibao hakikurudi. Fundi ameahidi kutuchongea viwili.