Jezi Namba 15

Wazee wa kamati walishaamua kabla sijafika. Nilipotokea chini ya mwembe na daftari langu, wengine walikuwa wameshanyanyuka wanajikung'uta mchanga. "Binti, andika," mwenyekiti akaniambia, "tunaleta wanne kutoka Mbagala." Nikaandika, maana kazi yangu kwenye timu ni kuandika. Yale niliyoyameza jioni ile nayaandika hapa.

Kwa asiyeujua mpira wa huku kwetu Umwe: ligi ya kata huchezwa mpunga ukishatoka bondeni na ufuta ukishauzwa, watu wakiwa na chochote mfukoni. Makundi tunacheza na vijana wetu wenyewe. Ikifika robo fainali, simu zinaanza kupigwa Dar. Mamluki wanashuka na basi la asubuhi, wanalipiwa nauli, wanalishwa wali na kuku, wanavaa jezi zetu, wanacheza, wanapewa posho na kurudi zao usiku uleule. Hoja ya wazee ni moja tu: wenzetu wanaleta, sisi tukae?

Hoja yangu iko kwenye daftari. Nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, lakini hili halihitaji shahada, linahitaji mtu wa kutazama saa. Karibu mabao yote tuliyofungwa kwenye makundi yaliingia robo saa ya mwisho. Hatukufungwa kwa kukosa mshambuliaji. Tulifungwa kwa sababu beki wetu wa kulia alikuwa ameamka alfajiri kupakia magunia, kiungo ametoka moja kwa moja kwenye bodaboda, na dakika ya 75 wote wawili walikuwa wanatembea. Mamluki wanne tunaowaleta ni wa mbele wote. Paa linavuja jikoni, sisi tunaezeka sebule.

Udhaifu wetu unaanzia mchezaji wa 12 na kuishia wa 18. Hao saba wanaingia mazoezini pale tu mtu anapokosekana. Wana njumu jozi tatu kwa watu saba. Mwaka huu nimeshuhudia kijana wetu wa akiba akisimama pembeni ya uwanja pekupeku, akimsubiri anayetoka avue viatu ili yeye avivae. Havikumtosha. Akachana karatasi, akasokomeza kwenye vidole, akakimbia kuingia. Wakati huo wote tulikuwa pungufu, na mpira ulikuwa upande wetu.

Ajabu ni kwamba wazee hawahawa ukiwakuta kwenye kibanda umiza ni makocha wa kikosi kipana. Mwaka 2023 Yanga ilipolikosa Kombe la Shirikisho kwa USM Alger, matokeo ya jumla 2-2, kanuni ya bao la ugenini ikawaumiza, nilisikia benchi likichambuliwa hapa hadi usiku wa manane. Simba ilipofungwa fainali ya 2025 na Berkane, yaleyale. Wanakumbuka Manchester United ya 1999, Sheringham na Solskjær wakitokea benchi na kuifunga Bayern dakika za nyongeza. Kwa timu za watu wanajua. Kwa yetu wanasahau.

Darasani tuliwahi kupewa zoezi la takwimu za mpira wa magongo wa kwenye barafu, ule wa Kanada na Marekani. Sijawahi kuuona kwa macho yangu, na barafu naijua ya kwenye ndoo ya samaki. Lakini nilichokiona kwenye zile namba kilinikumbusha nyumbani. Timu ina safu nne za washambuliaji, watatu watatu. Safu inaingia, inakimbia chini ya dakika moja, inatoka kuhema, nyingine inaingia. Safu ya tatu na ya nne hazina majina makubwa, ila bila hizo majina makubwa yanafika mtoano yakiwa hoi.

Sikatai, mamluki wanaleta makombe. Bingwa wa mwaka jana alikuwa nao watano. Wala siwachukii, ni vijana wenye njaa kama wetu, na mmoja aliniambia wiki ile ilikuwa mechi yake ya tatu, kila moja wilaya yake. Kama lazima, aje mmoja, mshambuliaji, nitamwandika bila kununa.

Ila nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mwaka jana alivaa namba 15. Hakukosa mazoezi, alibeba maji, aliingia mara mbili. Ilipofika robo fainali jezi zikawa pungufu, akaambiwa avue ampe mgeni. Alivua palepale, mbele ya watu, akaondoka kifua wazi. Mwaka huu nilimfuata nimwombe arudi. Akacheka. "Dada, ile jezi nilikuwa namfulia mtu." Siku hizi anachoma mkaa, na ndiye alikuwa na pumzi kuliko wote.

Fedha ya mamluki watatu inatosha kununua njumu za mtumba kwa wale saba, na maji, na uji baada ya mazoezi. Kila jioni wacheze na kikosi cha kwanza, wapigwe, wazoee. Na siku ya mechi waingie watatu dakika ya 60 wakati bado kuna kitu cha kuokoa, badala ya kuwaingiza dakika ya 88 ili wapigwe picha.

Nilimweleza mwenyekiti haya yote jana, baada ya shikamoo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mpira si hesabu." Kisha akaniomba nimhesabie michango.

Robo fainali ni Jumamosi saa kumi. Nimepiga hesabu ya michango, imetimia. Iko kwa mweka hazina, na nauli ya Mbagala bado haijatumwa.