Kazi Iliyofutwa Isipotee Katika Ratiba

Karani wa fedha hafuti kwa raba tarakimu iliyokosewa daftarini. Desturi ya kazi yake humtaka apige mstari mmoja juu yake ili kosa lisomeke, aandike iliyo sahihi kando, kisha atie sahihi. Mtunza ratiba wa mradi wa ujenzi, ambaye mikononi mwake zimo siku na fedha za watu wengi, huachiwa uhuru ambao karani huyo hakupewa kamwe: hubonyeza kitufe kimoja, na kazi iliyokubaliwa na kutiwa sahihi na pande zote hutoweka kana kwamba haikupata kufikiriwa.

Upangaji wa ratiba kwa kompyuta si jambo geni. Mwaka 1957 kampuni za DuPont na Remington Rand za Marekani zilianza kukokotoa kwa mashine mlolongo wa kazi ambao ukichelewa mradi mzima huchelewa, na mwaka uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo likatumia njia inayofanana na hiyo katika mradi wa makombora ya Polaris. Tangu hapo programu zimekuwa nyepesi, nazo zinatumika hata katika ofisi ndogo za wahandisi. Wepesi huo ndio ulioleta tatizo. Katika chati ya ukutani, mstari wa penseli uliofutwa uliacha kovu kwenye karatasi. Katika kioo cha kompyuta hakuna kovu.

Ratiba ya msingi ni nakala ya mpango kama ulivyoidhinishwa: kila kazi, muda wake, tarehe zake na gharama yake. Haibadilishwi kazi ziendeleapo, kwa kuwa ndiyo kipimo ambacho taarifa ya kila mwezi hulinganishwa nacho.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyoharibika. Ujenzi wa kituo cha afya umekadiriwa kugharimu shilingi milioni 400, na ndani yake mna kisima cha milioni 40. Katika mwezi wa sita, kazi za thamani ya milioni 180 zikiwa zimekwisha, yaani asilimia 45, mwenye mradi anaamua kwamba maji yatatoka kwenye bomba kuu lililo karibu. Mtunza ratiba anafuta mstari wa kisima. Katika Microsoft Project, makadirio ya msingi ya kazi hukaa ndani ya mstari wa kazi yenyewe. Mstari ukifutwa, yanaondoka nao. Lakini mstari wa jumla hubaki na tarakimu yake ya zamani. Basi jumla inasema 400, na mistari iliyo chini yake, ikijumlishwa, inatoa 360. Anakuja mtu wa pili, asiyejua habari za kisima, anachukizwa na tarakimu zisizokubaliana, na kwa nia njema kabisa anahifadhi ratiba ya msingi upya juu ya ile ya kwanza. Tofauti inakwisha. Asilimia 45 inakuwa 50, na ucheleweshaji wote uliokwisha kutokea unafutika pia, kwa maana tarehe zilizochelewa sasa ndizo tarehe za msingi.

Asilimia 50 si uongo wa hesabu, kwa kuwa kazi iliyobaki kweli imepungua. Ubaya ni kwamba msomaji wa taarifa anaona mradi umesonga mbele katika mwezi ambao huenda halikuongezwa hata tofali moja, wala hapati mahali pa kuuliza sababu.

Primavera hufuata njia nyingine. Humo ratiba ya msingi ni nakala kamili iliyo pekee, na kufuta kazi katika ratiba ya sasa hakuigusi nakala hiyo. Kisima kitaendelea kuishi humo. Hata hivyo programu hiyo ina chombo cha kurekebisha ratiba ya msingi, na miongoni mwa mambo kinayoweza kufanya ni kuondoa humo kazi zote zisizokuwapo tena katika ratiba ya sasa. Ni chombo chenye manufaa kikiwa mikononi mwa mtu mwenye barua ya idhini mezani. Kwa asiye nayo, ni raba ile ile, kubwa zaidi.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana upesi. Kazi katika ratiba hushikana kama pingili za mnyororo. Ikiwa mnara wa tangi ulikuwa ukingoja kisima, kukifuta kisima huuacha mnara bila kitangulizi chochote, na kompyuta, isiyojua maji wala mabomba, itaupangia kuanza mapema kuliko iwezekanavyo. Primavera ina amri ya kuondoa kazi huku ikiunganisha iliyotangulia na iliyofuata, lakini hata hiyo haijui kwamba mnara sasa unapaswa kungoja bomba. Hilo ni la mhandisi kuamua.

Lililo zito kuliko yote ni kazi iliyokwisha kuanza. Jumba la Sydney Opera House nchini Australia lilikadiriwa mwaka 1957 kwa kiasi kilicho sawa na dola milioni 7 za nchi hiyo, likatarajiwa kumalizika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola milioni 102. Msanifu wake, Jørn Utzon, alijiuzulu mwaka 1966, na baada yake ukumbi mkubwa uliokusudiwa kwa opera na muziki pamoja ukageuzwa kuwa wa muziki peke yake. Mitambo ya jukwaa iliyokwisha fungwa iling'olewa, na sehemu yake kubwa ikatupwa. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufutwa kwa haki katika ratiba yoyote. Ilifanyika, ililipiwa, ikachukua siku. Mstari wake ukiondolewa, fedha na siku hizo hubaki bila mwenyewe, na mkandarasi na mwenye mradi watakapobishana juu ya muda wa nyongeza, kila mmoja atakuwa na ratiba yake.

Wapo watunza ratiba wanaosema kwamba mistari iliyokufa huchafua taarifa. Malalamiko hayo yana haki yake wakati rasimu inaandaliwa: kabla ya idhini kila mtu na afute apendavyo. Baada ya idhini, hapana budi kazi iliyoachwa ibaki, jina lake litanguliwe na neno IMEFUTWA, muda wake uliosalia uwe sifuri, vifungo vyake vihamishwe kwa uamuzi wa mhandisi, na tarehe ya barua iliyoamuru iandikwe katika maelezo yake. Iliyoanza ihesabiwe kwa kiasi kilichotendeka. Asiyetaka kuiona aiweke katika fungu la peke yake na kulificha wakati wa kuchapa. Microsoft Project, tangu toleo la 2010, katika daraja lake la juu, huruhusu kazi izimwe bila kufutwa: huonekana imepigwa mstari, wala haivuti tarehe za nyingine.

Ratiba ya msingi mpya ikihitajika, na ihifadhiwe kando ya ile ya zamani. Programu hiyo hiyo ina nafasi 11 za kuhifadhia. Tena namba ya kisima isipewe bomba. Bomba ni kazi mpya, yenye namba yake na gharama yake, na mwenye mradi anastahili kuziona zote mbili katika ukurasa mmoja.